Nilete, niletee, nikuletee: jinsi kitenzi kinavyomtaja anayetendewa

Mhudumu mgahawani anauliza, "Nilete chai?" Mteja anajibu, "Niletee." Maneno hayo yanatofautiana kwa irabu moja, lakini wahusika wamebadilishana nafasi. Katika *nilete* ya mhudumu, *ni-* ni mtenda: mimi ndiye nitakayeleta. Katika *niletee* ya mteja, *ni-* ni mtendewa: wewe lete, mimi nipate. Mteja akiidondosha hiyo irabu na kuagiza "Nilete chai", kisarufi amesema moja kati ya mambo mawili, na yote mawili siyo aliyokusudia: kwamba yeye mwenyewe aende jikoni akalete, au kwamba yeye ndiye mzigo unaotakiwa kuletwa.

Mhudumu mzoefu huuliza "Nikuletee chai?", na hapo sehemu zote zinaonekana peupe: *ni-ku-let-e-e*. *Ni-* ni mtenda, *-ku-* ni mtendewa, *-let-* ni mzizi. Irabu *-e-* ya kwanza ndiyo alama ya kauli ya kutendea, na ya pili ni ya dhamira tegemezi, ile inayochukua nafasi ya *-a* ya mwisho katika maombi na amri. Ndiyo maana wanaoandika kwa haraka kwenye simu huishia na "nilete": wanaziona *e* mbili wakadhani moja imezidi. Haikuzidi. Kila moja ina kazi yake.

Vitabu vya shule huiita kauli ya kutendea, na mara nyingi mwanafunzi hufundishwa kwamba maana yake ni "kufanya kwa faida ya mtu". Fasili hiyo inasaidia kwa wiki moja, kisha inakwama kwenye sentensi kama "Ameniibia simu". Wapi faida hapo? Njia iliyo salama zaidi ni kusema kwamba *-i-* au *-e-* hufungua nafasi ya mhusika mmoja zaidi katika kitenzi, kisha humpa mhusika huyo hadhi ya mtendwa mkuu. Kama atanufaika au ataumia, hilo linaamuliwa na kitenzi chenyewe na mazingira.

Umbo kwanza

Uchaguzi kati ya *i* na *e* haufuati hiari ya msemaji. Angalia irabu ya mwisho ya mzizi. Ikiwa ni *a*, *i* au *u*, kiambishi ni *-i-*: *fanya* → *fanyia*, *pika* → *pikia*, *funga* → *fungia*. Ikiwa ni *e* au *o*, kiambishi ni *-e-*: *leta* → *letea*, *soma* → *somea*, *chota* → *chotea*. Anayesema "nisomie" au "niletie" ameivunja kanuni hii, na sikio la mwenyeji humtambua papo hapo.

Vitenzi vinavyoishia na irabu mbili hutoa *l* ambayo haionekani katika umbo la kawaida: *nunua* → *nunulia*, *chukua* → *chukulia*, *kaa* → *kalia*, *tia* → *tilia*, *toa* → *tolea*, *pokea* → *pokelea*. Sauti hiyo haikuchomekwa ili kurahisisha matamshi. Ni *l* ya zamani iliyopotea kati ya irabu mbili katika umbo la msingi, ikabaki salama mbele ya kiambishi.

Vitenzi vya mkopo, hasa vyenye asili ya Kiarabu, kwa kawaida haviishii na *-a*, kwa hiyo hapa huangaliwa irabu ya mwisho wa neno. Yenye *i* au *u* huishia na *-ia*: *rudi* → *rudia*, *jibu* → *jibia*, *haribu* → *haribia*. Yenye *e* huishia na *-ea*: *samehe* → *samehea*. Yenye *au* hupata *l*: *sahau* → *sahaulia*.

Vitenzi vya silabi moja ndivyo vyenye mtego. *Kufa* hutoa *fia*, *kula* hutoa *lia*, *kunywa* hutoa *nywea*, *kuja* hutoa *jia*. Kikiwa kifupi, kitenzi hubeba *ku-* ya kukisaidia: *amekufa*. Kikishapata kiambishi cha kutendea kimetosha urefu, na *ku-* hiyo huanguka: *amefia*, *amemfia*, *amefiwa*. Kwa hiyo "amekufia" si "amefia" iliyorefushwa. *-Ku-* iliyomo ni wewe, na sentensi inasema mtu fulani amekufa, ukafiwa wewe.

Nani mtendwa mkuu?

Chukua sentensi isiyo na kauli ya kutendea: "Nimepika uji." Uji ndio unaopikwa, hakuna mwingine. Ingiza mtoto: "Nimempikia mtoto uji." Shule nyingi za Kenya huita mtoto hapo shamirisho kitondo na uji shamirisho kipozi, Tanzania utasikia yambwa tendewa na yambwa tendwa. Majina yasikusumbue. Cha kutazama ni jinsi mtoto alivyoupokonya uji nafasi yake, na kuna mahali patatu pa kulithibitisha.

Pa kwanza ni kiambishi cha mtendwa. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi hicho, na mtendewa ndiye anayeikalia. Tunasema *nimempikia*, *-m-* ikiwa ni ya mtoto. Hatuwezi kusema "nimeupikia mtoto uji" kwa kuupatanisha na uji, wala kuvipanga viambishi viwili, "nimeumpikia". Akiwa mtendewa ni binadamu, kiambishi hicho karibu hakikwepeki. "Nimepikia mtoto uji" husikika kama sentensi iliyokatwa kipande. Mtendewa asiye na uhai naye anaweza kupata nafasi hiyo akipewa uzito: "Nimelinunulia gari matairi mapya", *-li-* ikiwa ya gari.

Pa pili ni mpangilio. Mtendewa hukaa karibu na kitenzi, kitu hufuata: "nimempikia mtoto uji". Kinyume chake, "nimempikia uji mtoto", hutamkwa kwa kusita kidogo kabla ya *mtoto*, kama mtu anayeongeza ufafanuzi mwishoni. Katika maandishi ambayo hayana sauti ya kusita, afadhali ufuate mpangilio wa kawaida.

Pa tatu, na ndipo penye uthibitisho mkubwa, ni kauli ya kutendwa. Anayegeuzwa kuwa kiima, yaani neno linaloongoza sentensi, ni mtendewa: "Mtoto amepikiwa uji." Kiswahili sanifu hakikubali "Uji umepikiwa mtoto." Ukitaka kuanza na uji, inabidi uachane na kauli ya kutendea: "Uji umepikwa kwa ajili ya mtoto."

Kuna sehemu moja ambapo wahusika wote wawili huonekana ndani ya kitenzi kimoja, nayo ni kishazi cha urejeshi. Katika "nyumba aliyomjengea mama yake", *-yo-* ni ya nyumba na *-m-* ni ya mama. Katika "uji niliompikia mtoto", *-o-* ni ya uji na *-m-* ni ya mtoto. Makosa mengi ya waandishi wa habari huzaliwa hapa, hasa sentensi ikiwa ndefu: mwandishi hupatanisha kirejeshi na mtu badala ya kitu, akaandika "nyumba aliyemjengea mama yake". Tiba yake ni kuuliza kirejeshi kinarejea neno gani. Ni lile linalotangulia kitenzi, kwa hiyo nyumba inataka *-yo-*.

Upande wa kutendwa una utata ambao hata wenyeji hawautambui mpaka uwakwaze. Kitenzi *nunua* katika kutendwa ni *nunuliwa*: "Shamba limenunuliwa." Kitenzi *nunulia* katika kutendwa nacho ni *nunuliwa*: "Bibi amenunuliwa shamba." Umbo ni lile lile kabisa. Kinachotusaidia ni kwamba shamba haliwezi kununuliwa kitu, na bibi hauzwi. Lakini soma kichwa cha habari za michezo: "Mshambuliaji anunuliwa." Ameuzwa kwa klabu nyingine, au kuna kitu amenunuliwa na nafasi haikutosha kukitaja? Hali ni hiyo hiyo kwa *chukuliwa*, *ondolewa*, *tolewa*. "Ameondolewa" peke yake humfukuza mtu kazini; "ameondolewa deni" humpa nafuu. Ukiandika kichwa cha habari kwa vitenzi vya aina hii, kitu kilichotendwa kisiachwe nje.

Faida za namna tatu

Mtendewa anayenufaika hanufaiki kwa njia moja. Kwanza yuko anayepokea kitu mkononi: *letea*, *tumia*, *rushia*, *katia*. "Nirushie vocha", "nikatie tiketi", "nipimie sukari robo kilo". Pili yuko anayefanyiwa jambo likamfaa bila kukabidhiwa chochote: *fungulia* mlango, *imbia*, *shikia* mzigo. Tatu yuko anayepumzishwa kazi ambayo ilikuwa yake, mtu mwingine akaifanya badala yake: "Nijibie simu", "Nipangie foleni".

Umbo la kitenzi halitenganishi aina hizi. "Nisainie fomu" inaweza kutamkwa na karani anayehitaji sahihi yako, na inaweza kutamkwa na mwenzako anayetaka utie sahihi mahali pake. Mazungumzo huvumilia hilo; hati haivumilii. Ndiyo maana barua za ofisi huandikwa "kwa niaba ya", au kifupi chake *k.n.y.*, juu ya cheo cha asiyekuwapo. Mkataba ukisema tu kwamba fulani "amemsainia" fulani, umeacha mlango wazi wa ugomvi.

Tofauti huwa kali zaidi kwa vitenzi ambavyo tayari vina nafasi ya mtu hata kabla ya kunyambuliwa. Hapo *-i-* haiongezi mtu tu, inabadilisha uhusiano wake na tendo:

- "Nimemwomba pesa": yeye ndiye ninayetaka anipe. "Nimemwombea pesa": nimeziomba kwa mwingine ili yeye apate.
- "Nimemlipa": pesa zimeingia mfukoni mwake. "Nimemlipia": deni lilikuwa lake, pesa zimekwenda kwa mwingine.
- "Nimemjibu": aliniuliza. "Nimemjibia": aliulizwa yeye, nikajibu mimi.
- "Nimemuuliza": nilizungumza naye. "Nimemuulizia": nilizungumza na wengine juu yake.
- "Wamemchagua": yeye ndiye aliyechaguliwa. "Wamemchagulia": wameteua kitu au mtu kwa ajili yake, mara nyingi bila yeye kushauriwa.

*Lipa* na *lipia* ndivyo vinavyochanganywa zaidi kwenye risiti na matangazo. Unalipa kile kinachotoka: pesa, ada, kodi, faini. Unamlipa mtu anayepokea. Unalipia kile unachopata au mtu unayemsaidia: unalipia huduma, unalipia chumba, unamlipia mtoto ada. "Lipia ada yako mapema" imesogeza ada kutoka upande wa malipo hadi upande wa bidhaa.

Kuna pia vitenzi vichache ambavyo havihitaji kiambishi cha kutendea kwa sababu mpokeaji amo ndani yake, kama *-pa* na *nyima*. *-Pa* hata haisimami bila kiambishi cha mtu: *nipe*, *ampe*, *wape*. Umbo "nipee" linalosikika sana Kenya limemweka mpokeaji mara mbili. Mitaani halina tatizo na kila mtu analielewa, lakini mtihani utalikata. Mtanzania anayetaka kulainisha ombi hukimbilia *patia*: "Naomba unipatie maji."

*Tumia* nayo iangaliwe. Kutoka *tuma* tunapata *tumia*, yenye maana ya kumpelekea mtu kitu, na lipo *tumia* la kutumia chombo. "Nitumie namba yako" inaweza kuwa ombi la kupelekewa namba au, ikiwa na kiulizo mwishoni, ombi la kuitumia. Kwenye ujumbe wa simu alama ya kuuliza mara nyingi haiandikwi. Anayetaka uhakika aandike "Naomba unitumie."

Mtendewa anapoumia

Rudi kwenye "Ameniibia simu". Sarufi ni ile ile ya "Amenipikia chai": nafasi ya mtu imefunguliwa, mtu amekaa, kiambishi ni chake. Tofauti imo katika *iba*. Katika kutendwa matumizi makini hutenganisha kitu na mtu: "simu imeibwa", "nimeibiwa simu". Vivyo hivyo "Amenilia pesa zangu", "Wamemharibia jina", "Watoto wamenimwagia maji kitandani".

Utamu zaidi umo kwenye vitenzi visivyoelekezwa, vile ambavyo kwa kawaida havina mtendwa. *Kufa* hakumhitaji mtu mwingine, lakini kifo humgusa aliyebaki, na kauli ya kutendea humpa huyo nafasi: "Mume amemfia." Kisha kitenzi ambacho hakikuweza kuingia kauli ya kutendwa kinaiingia: "Amefiwa na mumewe." Mvua hainyeshi kwa kumlenga mtu, lakini "tumenyeshewa" inatosha kueleza kwa nini nguo zimelowa. Hata vitenzi vya hali vinakubali: "Gari limemharibikia njiani", "Wali umeniungulia", "Simu imenizimikia". Katika sentensi hizi hakuna aliyetenda kwa makusudi. Yuko tu aliyepata hasara. (Vijana wamemchukua *zimikia* wakampa kazi nyingine: "amemzimikia" siku hizi ni kupenda hadi akili kukwama.)

Ndiyo sababu katika lugha ya kila siku *-fia* yenye kiambishi cha mtu husikika kama msiba, wakati kujitoa mhanga huelezwa kwa kirai: "Alikufa kwa ajili ya nchi yake." Kirai *kwa ajili ya* hubeba nia, *-i-* hubeba athari. Mtu anayepika "kwa ajili ya wageni" huenda wageni wasifike na sentensi ikabaki kweli. Anayesema "nimewapikia wageni" anatufanya tuwaone mezani. Na kwa kuwa njia hizi ni mbili, usizitumie zote kwa mtu yule yule: "Nimekununulia kwa ajili yako" imemnunulia mtu mmoja mara mbili, na "nimempikia kwa mtoto" si Kiswahili.

Mtenda na mtendewa wanapokuwa mtu mmoja, nafasi huchukuliwa na *-ji-*. Kwa vitenzi elekezi, vile vyenye mtendwa, maana iko wazi: "Amejinunulia pikipiki", "Najipikia mwenyewe". Kwa vitenzi visivyoelekezwa hutokea jambo lisilotabirika kwa kanuni: "Amejilalia", "Tumejikalia tu", "Anajiendea zake". Hakuna anayepewa kitu. Kinachoelezwa ni kwamba mtu anafanya kwa raha yake, bila kumjibu yeyote, na maneno *zangu*, *zake*, *zetu* hupenda kuambatana na umbo hili. Lawama nayo imejipatia makazi humu: *jitakia* mara nyingi haitumiki kwa mema, na methali inasema msiba wa kujitakia hauna kilio.

Kiambishi hicho hicho, kazi nyingine

Si kila *-i-* au *-e-* ina mtu. Hueleza chombo (*kisu cha kukatia*, *kikombe cha kunywea*), mahali (*alifia ugenini*, *chumba cha kulia*), mwelekeo (*kimbilia*, *rukia*) na sababu ("Unalilia nini?"). Mara nyingi utazitambua ukitazama kama kitenzi kinaweza kubeba kiambishi cha mtu na kisha kumgeuza mtu huyo kuwa kiima cha kauli ya kutendwa. *Shikilia*, *pigilia* na *tupilia* zina kiambishi kilichorudiwa, na zinaongeza nguvu au ung'ang'anizi, hazimwongezi mtu.

Viambishi vikikutana, kila kimoja kina foleni yake. Kusababisha hutangulia, kutendea hufuata, halafu kutendana au kutendwa. *Rudi* → *rudisha* → *rudishia*: "Nirudishie pesa zangu." *Soma* → *somesha* → *someshea* → *someshewa*: "Amesomeshewa watoto na mjomba wake." *Andika* → *andikia* → *andikiana*. Anayegeuza foleni, akaweka kutendana kabla ya kutendea, hupata neno lisilotamkika au lenye maana nyingine.

Wingi wa nafsi ya pili una udhaifu wake. "Nimewapikia" ni ninyi au wao? Kiambishi *-wa-* ni kimoja. Pwani na katika Kiswahili cha waangalifu *-ni* ya mwishoni huondoa shaka: "Nimekupikieni", na wengine "nimewapikieni". Anayehutubia ukumbini na kuzungumzia watu wasiokuwapo katika sentensi hiyo hiyo ataihitaji.

Kauli hii ni urithi wa familia nzima ya Kibantu. Kinyarwanda kina *guteka*, kupika, na *gutekera*, kumpikia mtu. Kiganda kina *okufumba* na *okufumbira*. Kizulu kina *pheka* na *phekela*. Nje ya familia hii, Kiindonesia hugeuza *beli*, nunua, kuwa *belikan*, nunulia, kwa kiambishi tamati vilevile. Kijapani hufunga kitenzi cha kutoa nyuma ya kitenzi kikuu, na humlazimu msemaji kuchagua: *ageru* wema ukitoka upande wake kwenda kwa wengine, *kureru* ukimjia yeye.

Ndugu wa karibu nao hawalingani katika kila jambo. Kinyarwanda na Kihaya huruhusu viambishi vya watendwa zaidi ya kimoja ndani ya kitenzi. Katika Kivunjo cha Uchagani, mtendewa na kitu wote wawili wanaweza kugeuzwa kiima cha kauli ya kutendwa. Mchaga anayejifunza Kiswahili akisema "Chakula kimepikiwa mgeni", hajakosa mantiki. Ametumia sarufi ya nyumbani, ambako chakula na mgeni wana haki sawa.